Bi Maua Aliyekuwa Akituwazia

Wifi yangu Maua ana mwili mdogo na kichwa kikubwa, na hilo namwambia usoni, kwa hiyo msidhani namsengenya. Mimi naitwa Kulwa, dada wa mumewe, na wifi asipomtania wifi yake, nani atamtania? Tunaishi hapa hapa Ng'ambo, mtaa wa mji huu wa reli huku bara, ua mmoja, milango miwili. Kaka yangu Mabruki ni fundi bati, anatengeneza masanduku ya wanafunzi na majiko ya mkaa, na kelele za nyundo yake zimemzoesha kunyamaza. Maua ni mpishi wa shughuli. Ukila harusi au hitima mtaani kwetu ukaona pilau imetulia, ujue ni mkono wake.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa pilau. Ilikuwa kuwaza. Wengine wanasuka mikeka, yeye alikuwa anawaza, anakaa kitako kabisa na kuifanya kazi mpaka iishe. Kuni zikiwa kavu aliwaza moto utakuwa mkali. Zikiwa mbichi aliwaza moshi. Mabruki akipiga nyundo aliwaza kidole, akiacha kupiga aliwaza ameanguka. Ukimwambia apunguze, anakutazama kwa huruma, wewe usiyejua dunia, halafu anakujibu lile neno ambalo kila mtu analijua: "Wasiwasi ndiyo akili, wifi."

Sasa mtaa ukamharibu zaidi. Mwaka fulani wa mvua kubwa Maua alipita madrasa, akaliangalia paa, akasema hili paa silipendi. Akawaza, akamsumbua mwalimu, akarudi nyumbani akawaza tena, akamsumbua tena, mpaka mwalimu wa watu kwa kuchoka akawahamishia watoto barazani kwa jirani yetu Mzee Issa. Haukupita muda upepo ukaja, ukaling'oa lile paa ukalibwaga njiani. Hakuumia hata mtoto mmoja. Mtu mwenye akili zake angesema, mama yule ana macho, aliona misumari imelegea. Sisi Ng'ambo hatukusema hivyo. Tulisema wasiwasi wa Bi Maua una kinga.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, na sijui nicheke au nilie ninapolikumbuka. Mtu akisafiri anapita mlangoni kwetu: "Bi Maua, niwazie, naenda Kigoma." Mtoto ana mtihani, mama yake anamleta na sare yake: "Bi Maua, mwangalie vizuri sura, umuwazie huyu." Mwingine anajenga, mwingine anaumwa jino, mwingine anaposa. Wanaleta karanga, wanaleta uyoga, wanaleta asali. Shehe alitukemea, akasema mtegemeeni Mungu, acheni mchezo. Tukaitikia kwa adabu, tukaendelea. Zamani, wakati wa misafara, babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani, na tunajisifu mpaka leo. Basi Maua alibeba ya kata nzima bila kutoka nje ya ua.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mzee Issa mwenyewe, jirani yetu, mwenye duka. Huyu anapanda treni kwenda Kigoma kuchukua mawese na samaki wa migebuka, na miaka yote hakupanda bila kumuaga Maua. Mkewe anaweza asiagwe. Maua lazima. Anasimama pale na mfuko wake mkononi: "Bi Maua, nakwenda. Usinisahau hasa kwenye madaraja." Na Maua, mke wa kaka yangu, anakaa jikoni anavuka madaraja yote na mwanamume wa watu.

Tulicheka sana, lakini yeye alikuwa anaisha. Moyo unamwenda mbio hata amekaa. Chakula hakipiti. Siku moja tunachambua mchele wa harusi, namtania kama kawaida, namwambia wifi, leo umemuwazia nani, mbona huyu ng'ombe wa pilau hajawaziwa. Hakucheka. Akasema, "Wifi, mimi nimenaswa. Nikiacha kuwaza, watu watapata mabaya. Nikiendelea, nitapata kichaa." Alikuwa na shangazi yake aliyerukwa na akili, akawa anatembea kando ya reli anazungumza na watu wasioonekana, na Maua tangu utoto aliamini kwamba mawazo yakizidi kichwani lazima yafike huko. Machozi yakadondokea kwenye ungo. Nikaacha kutania.

Hata hivyo asingekwenda popote kutafuta msaada kama si Shamila.

Shamila ni binti yake, mtoto wake wa pekee. Ameolewa na Selemani, kijana wa kazi za reli, wanaishi Tura, stesheni za huko mashariki. Akapata mimba ya kwanza. Na kwetu mimba ya kwanza ina utaratibu wake, wala hauhitaji kuelezwa: binti anarudi kwa mama yake, anajifungulia mikononi mwa mama, anakaa arobaini yake, analishwa uji na kukandwa maji ya moto, halafu ndiyo anarudi kwa mumewe amenenepa. Maua alishatoa kitanda nje kikapigwa jua. Alishanunua beseni. Alikuwa na furaha, na kwa kuwa alikuwa na furaha alikuwa anawaza mara mbili.

Basi simu ikalia mchana, tuko wote uani. Maua akaweka sauti kubwa ili na baba mtu asikie.

"Shikamoo mama," Shamila akasema. "Shikamoo baba, shikamoo shangazi."

"Marahaba," tukaitikia. "Hujambo? Mtoto anacheza?" Maua akauliza.

"Anacheza, mama."

"Anacheza sana?"

"Anacheza kawaida."

"Kawaida vipi? Jana ulisema sana."

Tukasikia Shamila anavuta pumzi. "Mama, nina jambo, na naomba usinikatize. Sitakuja kujifungulia nyumbani. Nitajifungulia huku kwa mama mkwe."

Nyundo ya Mabruki ikasimama. Maua akabaki anaitazama simu.

"Nakupenda, mama," Shamila akasema, na sauti yake ikaanza kukatika. "Lakini nikiongea na wewe napata hofu ambayo sikuwa nayo. Nikikata simu naanza kuhesabu mateke ya mtoto. Jana nimelia njia nzima ya kisimani. Nikija huko, nani atakuwa mzazi na nani atakuwa mgonjwa? Nisamehe, mama." Akakata.

Jamani, kuna matusi ya mdomo na kuna aibu ya moyo. Mama yupo hai, yupo mwendo wa treni tu, na mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mkwe. Watu wangesema, ndiyo, na mimi ningewajibu watu, mdomo ninao. Lakini hilo la watu lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba binti amemkimbia mama yake, tena kwa sababu mama anampenda. Maua alikaa chini kwenye kizingiti, akasema, "Nilikuwa namkinga." Alirudia hivyo hivyo mpaka nikashindwa kumtazama.

Mabruki, ambaye kwa wiki anasema maneno yanayojaa kijiko, akafuta mikono yake akasema, "Kulwa, mpeleke hospitali." Akarudi kwenye bati lake.

Kumpeleka nako kulikuwa vita. Kwenye kitengo cha afya ya akili? Yeye, mpishi wa watu? Wakimwona si watasema pilau wamepikiwa na chizi? Nikamwambia, wifi, utakwenda kwa miguu yako au nitakubeba mgongoni na mbeleko, chagua. Akavaa baibui, akajifunika uso mpaka akajikwaa kwenye ngazi za hospitali.

Pale kwenye benchi tukakuta baba mmoja amekaa, amekunja miguu kwa raha zake. Akatusalimia, "Mwangaluka." Alikuwa Vedasto, mkulima wa tumbaku kutoka Goweko, Mkatoliki na rozari yake shingoni, na ni mtu wa maneno mengi kuliko mimi. Akamuuliza Maua, "Mama, wewe yako ni ya mawazo au ya sauti?" Maua akanong'ona kwamba ni ya mawazo. "Mimi ya sauti," akasema Vedasto, kama mtu anayetaja kabila lake. "Zamani ikisema kitu naacha jembe naitii, maana niliamini ikisema ina nguvu juu yangu. Sasa natumia dawa, na nesi kanifundisha: sauti ni sauti. Inasema, nami napalilia. Kuna siku inanyamaza yenyewe kwa kukosa msikilizaji."

Maua akafunua uso wake wote kumtazama. Miaka yote aliogopa kufika alikofika shangazi yake, na huyu mtu wa huko huko kakaa naye benchi moja, anamenya chungwa, anamkaribisha.

Nesi aliitwa Recheli, na yeye wa Goweko, binti wa Kimoraviani, mpole wa sauti lakini macho hayaondoki kwako. Akamwamkia Maua shikamoo, akamkalisha. Mimi nikakaa pia, maana Maua alining'ang'ania kanga. Basi Maua akashusha pumzi, akaanza kumwaga: Shamila, madaraja ya Kigoma, jino la jirani, paa, kuni. Nesi akamwacha kidogo, halafu akamzuia kwa mkono.

"Bi Maua, sitakuuliza unawaza nini. Niambie, unaamini nini juu ya huko kuwaza kwenyewe?"

Wifi yangu alikasirika. Mtu umekuja na gunia zima, halafu mwenyeji hataki kulifungua, anauliza habari za kamba. Lakini nesi akasubiri, na Maua akajibu mwishowe. Kwanza, kuwaza kunakinga watu. Pili, wasiwasi hauzuiliki, ukianza umeanza. Tatu, siku moja utamvunja kichwa.

"Kwa hiyo wasiwasi ndiye mlinzi wa nyumba," Recheli akasema, "na huyo huyo mlinzi ndiye unayemwogopa kwamba atakuua."

Mimi nikacheka, nikatazamwa, nikanyamaza.

"Tuanze na hilo la kichaa," nesi akasema. "Unasema mawazo yakizidi utarukwa na akili. Haya, tujaribu. Hapa, sasa hivi. Mimi nipo, wifi yako yupo. Waza kwa nguvu zako zote, usijizuie hata kidogo, mpaka upate kichaa."

Nilidhani nesi naye amekuwa mgonjwa. Nikasogeza kiti changu karibu na mlango. Maua akafumba macho, akakunja ngumi, akaanza. Uso ukakunjamana, jasho likamtoka puani. Alivuka madaraja, aliwaua watu wote wa Ng'ambo akawazika, akawafufua akawaua tena. Sisi tunasubiri.

"Bado?" Recheli akauliza.

"Bado."

"Ongeza."

Akaongeza. Mishipa ya shingo ikasimama. Mimi namwomba Mungu kimoyomoyo. Halafu uso wake ukalegea, akafungua jicho moja. "Nesi," akasema, "mbona nakumbuka sijaloweka dengu?"

Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi. Tulicheka mpaka nesi akaegemea meza, na Maua, ambaye sikuwa nimeyaona meno yake tangu Ramadhani, alicheka huku anajipiga mapaja. Anasema, "Nimejitahidi, wallahi, nimejitahidi, kimekataa." Vedasto akagonga mlango kuuliza kama kuna mtu amezidiwa.

Basi hiyo ikawa dawa ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya ratiba. Recheli akamwambia, wazo likija usilifukuze, maana halifukuziki, utashindana nalo mchana kutwa. Wala usilifuate. Liambie nimekuona, subiri baada ya alasiri. Alasiri ikishapita, kaa kwenye kigoda, waza kidogo kama bado unataka. Ukishainuka, umefunga. "Na tahadhari usiache," akasema. "Ukiona msumari umelegea, sema ugongwe. Hiyo ni kazi, ina mwisho. Kuwaza baada ya msumari kugongwa ndiko tunakokuahirisha."

Hapo bado hamjaona vituko. Kesho yake Mzee Issa huyo, na mfuko wake.

"Bi Maua, nakwenda Kigoma. Usinisahau kwenye madaraja."

"Vizuri, Mzee Issa," Maua akasema huku anakatakata vitunguu. "Nimekusikia. Utawaziwa baada ya alasiri."

"Baada ya alasiri treni itakuwa imekwenda."

"Basi utawaziwa ukiwa umeshavuka baadhi."

Mzee wa watu akasimama pale, akamtazama Maua, akanitazama mimi. "Hii ofisi imeanza lini?" akauliza. Nikamwambia tangu jana, na foleni inaanza kwa yule mwenye jino. Akaenda stesheni amenuna, akapanda treni hajawaziwa, akafika Kigoma, akarudi na mawese yake na migebuka yake, mzima, hana hata mafua. Na badala ya kushukuru, alikuja na hasira. Aliongoza ujumbe mzima kwa Mabruki, wanaume na wanawake, wakakaa barazani wakasema mkeo anatutelekeza. Mama wa yule mtoto wa mtihani akalia. Mabruki aliwasikiliza wote, akasema, "Wazeni wenyewe." Akainama kwenye sanduku lake.

Wakajaribu, we acha tu. Wiki ile Ng'ambo nzima ilikuwa inawaza, na hakuna aliyejua namna. Issa aliwaza safari yake akasahau kufunga duka. Mwenye jino aliwaza mpaka akaamua kwenda kung'olewa, jambo ambalo angelifanya tangu mwaka jana.

Dawa ya tatu ilikuwa ya pilau, na hii Maua aliikubali kwa shida kwa sababu ilimgusa heshima yake. Recheli alimwambia: una shughuli mbili. Ya kwanza, uiwazie kwa nguvu zote, bila kupumzika. Ya pili, mawazo yake yote uyaahirishe. Halafu tuone ipi imelindwa. Ya kwanza ilikuwa hitima. Maua akawaza kama alivyoagizwa. Akawaza chumvi, akaonja, akawaza tena, akatia, akawaza kama ametia, akatia. Wallahi watu walikula pilau ile wakanywa mtungi mzima wa maji, na marehemu akaombewa na waombaji wenye kiu. Ya pili ilikuwa harusi. Wasiwasi ukija anauambia alasiri, huku anageuza sufuria. Pilau ile ilitoka imechambuka punje kwa punje, na bibi harusi mwenyewe alikuja jikoni na shela lake kuomba ukoko.

Maua alirudi nyumbani amenyamaza. Nikadhani ameumwa. Akasema, "Wifi, kumbe mkono ndiyo ulikuwa unapika." Nikamwambia ulidhani nini, kichwa? Kichwa hakina hata mwiko.

Msidhani alipona kama mtu aliyeokota pesa. Kuna siku Shamila hakupiga simu asubuhi nzima, na nilimwona wifi yangu anavyopigana. Anashika simu, anaiweka. Anaosha sufuria iliyo safi. Mdomo unamcheza. Nikamuuliza unasemaje, akasema, "Naliambia wazo lisubiri, wifi, na lenyewe linanijibu." Nilimwonea huruma sana siku hiyo, nikamwambia piga tu, nani atajua? Akatikisa kichwa. Akatoka nje akakaa, akasikiliza nyundo ya mumewe, halafu kuku, halafu redio ya jirani, kimoja kimoja, kama nesi alivyomfundisha, kuupeleka usikivu anakotaka yeye. Alasiri ikafika, ikapita, akakaa kwenye kigoda chake. Mara simu ikaita. Shamila.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Kwani vipi?"

"Hujanipigia tangu juzi. Simu ilikuwa haina chaji, nimewasha nikategemea kukuta umenitafuta mara mia. Sijakuta hata moja. Nikaogopa."

"Usiogope, mwanangu," Maua akasema. "Nilikuwa nimekupanga alasiri, ukanipigia kabla sijaanza. Umekula?"

"Nimekula."

"Haya. Msalimie Selemani."

Akakata simu yeye wa kwanza. Nilikuwepo, nilishuhudia kwa macho haya. Shamila alipiga tena baadaye, akanitafuta mimi pembeni: "Shangazi, niambie ukweli, mama amefanywa nini?" Nikamweleza yote, mpaka dengu. Alicheka mpaka nikamwambia taratibu, utazalia hapo. Halafu kicheko kikamwisha. Akasema, "Natamani kwetu, shangazi." Nikamwambia kwenu kuna treni.

Akaja. Selemani alimleta na masanduku, tumbo limetangulia stesheni nzima, na Maua akampokea kama mtu anayepokea mtoto wake tu. Hakumgusa tumbo. Hakuuliza mateke. Alimuuliza kama anataka migebuka ya kukaanga au ya nazi. Shamila alikuwa anamvizia mama yake siku hizo za mwanzo, anamwangalia akipika, akisuka nywele, anangoja yaanze. Alasiri anamwona anakwenda kwenye kigoda, anakaa, na siku nyingine anainuka kabla hata hajakaa vizuri, anasema hakuna kitu leo.

Uchungu ulimshika asubuhi baada ya chai. Kabla bajaji haijafika, Ng'ambo ilikuwa imeshafika. Issa mbele. Wanamwambia Maua, leo si siku ya ofisi, leo waza kwa jumla, huyu ni wako. Akawaambia wampishe apite na beseni.

Pale hospitali waliruhusu mama mmoja kuingia na mzazi, akaingia Maua. Mimi nikaachwa nje ya pazia, lakini pazia ni kitambaa na masikio hayana adabu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Uchungu ukazidi, ukachelewa, mkunga akawa anasema bado, vumilia, bado. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sikuzaa, lakini siku ile niliuonja hata nje ya pazia.

Halafu nikasikia sauti ya Shamila, ndogo, kama ya mtoto aliyepotea sokoni. "Mama. Mama, naogopa. Niwazie."

Yeye mwenyewe aliyelikimbia jambo hilo, ndiye anayeliomba. Na hakuna mama duniani ambaye angemnyima. Nikasema kimoyomoyo, kwisha, kazi yote ya nesi imekwisha hapa.

"Sikuwazii, mwanangu," Maua akasema. "Nikikuwazia nitakuacha hapa peke yako, nitakwenda mbali huko kwenye mabaya. Siendi. Nitazame. Nipo."

Shamila akalia, akasukuma. Maua anasema nipo. Anasukuma tena. Nipo. Sikusikia neno lingine kutoka kwake, si dua ya hofu, si swali kwa mkunga, ni hilo tu, mpaka sauti mpya ikaingia chumbani ikitukana dunia nzima, na mkunga akacheka akasema ni wa kike, mwenye mapafu.

Nje palikuwa hapatoshi. Issa alikuwa anamwambia kila anayepita kwamba amefanya kazi hiyo yeye, amemuwazia tangu asubuhi bila kula, na sasa ana kizunguzungu na anataka soda. Selemani alimkumbatia Mabruki, na Mabruki alisema sentensi nzima, ila kwa kelele sikuisikia. Nikaingia ndani, nikamwona mtoto, nikamwona Shamila amelala na jasho lake, anampigia simu mama mkwe wake, anasema mama, mimi arobaini yote nitakaa huku nyumbani kwetu.

Maua hakuwepo. Nikamkuta nyuma kwenye bomba la maji, ameinama, analia mpaka mabega yanapanda na kushuka. Nikaogopa. Nikamwambia, wifi, mbona unalia, mtoto mzima, mama mzima, unalia nini sasa?

"Nimemzaa Shamila, nimemlea, nimemuoza," akasema. "Miaka yote hiyo nilikuwa namuwaza, wifi. Leo ndiyo nimemuona."

Nikamshikia kanga, akanawa uso.